Kifaru Mmoja

Sina kazi niliyodumu nayo hapa Malindi, ila mikono yangu haitulii. Huunda vifaru vidogo vya kivita vya kuweka mezani: mwili wa mabati ya mikebe, mzinga wa kalamu, minyororo ya zipu kuukuu.

Majuzi alinijia Dama, mwalimu kutoka Vitengeni.

“Kaka, niundie kifaru mmoja. Baba anastaafu uaskari.”

“Kimoja,” nikamsahihisha, mimi niliyekimbia shule darasa la sita.

Akacheka. “Haya, fundi. Ila awe na makovu. Yule wa baba alipigwa risasi akapona.”

Hakuna aliyewahi kuniita fundi. Nyumbani naitwa mzururaji. Nikajituma. Nikakitoboa matundu ya risasi, nikakipaka kutu na matope, nikampelekea kikiwa kimefunikwa kitambaa, sherehe ishaanza.

Uani palijaa wageni. “Baba,” Dama akatangaza, “nimekuletea rafiki yako wa mbugani.”

Neno hilo la mwisho likanichoma. Nikatazama ukutani: picha ya mzee ndani ya sare ya askari wa wanyamapori, mkono wake mgongoni mwa kifaru mnyama, mwenye pembe na masikio.

Nilikuwa nimechelewa. Mzee alishafunua kitambaa. Akakizungusha polepole, akagusa mzinga.

“Pembe naiona,” akasema. “Lakini huyu masikini kala nini hata kaota zipu?”

Wageni wakaangua kicheko. Dama akanigeukia.

“Nilisema mmoja, fundi!”