Saa Iliyotaka Kutembezwa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, saa yangu ya mkono ilikuwa imekufa juu ya kabati, na mimi mwenyewe, mzima wa afya, nimelala pembeni yake. Ni hii hii uliyonirudishia juzi ukisema imeharibika. Haijaharibika. Nakujua, unakaa ndani kama mimi wa wakati ule.

Aliyenipa ni tonton wangu, mjomba wa Basoko. Alinieleza kwamba haina betri, inajijaza kwa mkono wa mtu anayetembea. Akampa nani? Kijana wa Simi-Simi ambaye safari yake ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti.

Siku hiyo tonton na wazee wetu walikuwa wametangulia Kabondo kuniombea mchumba. Baba wa msichana, fundi cherehani, alikuwa amesema wazi kwamba kijana mwenyewe awepo, maana amesikia hatoki nje, anataka aone kama ana miguu. Basi nikaitikisa saa kama chupa ya dawa, nikawasha redio, mtangazaji wa Kinshasa akataja saa, nikapanga mishale. Shati nikalipiga pasi bila haraka. Kwa mujibu wa mkono wangu, muda ulikuwa tele.

Umeshajua. Kinshasa iko nyuma yetu sisi wa Kisangani kwa saa nzima. Nilipofika, chai ilikuwa imepoa, wazee wetu wanatazama viatu vyao, na tonton amemaliza habari zote za samaki wa Basoko. Msichana mwenyewe, alikuja kunisimulia baadaye, alikuwa ameshavua kitenge kipya.

Baba yake akaniuliza saa yangu inasema nini. Nikamwonyesha, tena kwa fahari.

"Hii iko saa ya Kinshasa," akasema. "Mutoto yangu anaolewa hapa Kisangani."

Hakuna aliyecheka. Nikangoja tufukuzwe. Yeye akanivua saa, akapeleka mishale mbele, akanivalisha tena.

"Bon. Kila asubuhi utakuja kwa miguu kuniambia iko saa ngapi. Siku saa hii itasimama, wewe usirudi."

Nikatembea, mwanangu. Simi-Simi hadi Kabondo, kwenda na kurudi, msimu mzima wa mvua, mwavuli mkononi na lawama moyoni. Saa haikusimama. Njiani nikaanza kujua nani anaumwa, nani amejifungua, nani anauza maharagwe yanayoiva upesi. Yule msichana ndiye mama yako, na hadi leo akitaka kunichokoza huniuliza ni saa ngapi Kinshasa.

Haya, ichukue tena. Usiitikise. Zungusha kile kitufe cha ubavuni taratibu mpaka isikike ikipumua, kivute, upange mishale, ukirudishe ndani. Kisha ivae utoke nayo. Ukiiacha kabatini kwa kuogopa isichubuke, itakufa ikiwa safi. Na watu wako hivyo hivyo: hawashibi nia njema uliyonayo ukiwa chumbani. Anayekungoja haoni moyo wako, anaona kiti chako kitupu. Mtembelee shangazi yako. Muulize jirani saa, hata kama unaijua.

Mimi sasa nimeruhusiwa kukaa. Magoti yameniombea likizo. Wewe bado. Mungu akupe miguu yenye hamu ya njia, na kwenye kila mlango utakaobisha, akukutanishe na chai ya moto.