Perege Mkali wa Pipani

Juzi, kwenye hoteli moja mjini Mpanda, mhudumu alitaka kumtoa samaki aliyekuwa akiwafukuza wenzake ndani ya tenki la kioo. Nikakumbuka perege wetu wa utotoni kule Misunkumilo, tuliyemfuga na wenzake kwenye pipa lililonuka matope.

"Huyu jike mkorofi, anawapiga wenzake," mjomba alisema. Akamvua, akampa mama amtengeneze.

Mama alikuwa ametoka kujifungua hospitali, akarudi bila mtoto. Nilidhani wamembakiza huko akue kwanza.

Mama alipomkata perege kichwa, vifaranga wakamwagika kutoka mdomoni, wadogo kama mbegu za ufuta.

"Kumbe alikuwa anakula watoto wake!" nilisema.

"Hapana, mwanangu. Alikuwa amewabeba. Ndiyo maana alikuwa mkali."

"Na mtoto wetu, nani amembeba?"

Mama aliendelea kuosha kisu kilichokwisha kutakata.