Anza na Mimi, Kisha Mama

Utafiti wangu wa chuo haukunisumbua mahali popote kama kwenye kurasa za mwisho, zile za marejeo. Anayedhani marejeo ni kazi ya kumalizia, ya kufanya huku unatafuna karanga, hajawahi kurudishiwa kazi kwa sababu ya mkato. Mimi nimerudishiwa. Penye mkato palitakiwa nukta, penye nukta mkato, mwaka uingie kwenye mabano, jina la kitabu lilazwe. Jina la kitabu lilazwe, na mimi mwenyewe nilikuwa silali! Nilikuwa nafundisha shule ya msingi hapa Kibiti mchana, jioni najiendeleza kwa shahada, na msimamizi wangu yuko Dar es Salaam, ananitumia masahihisho mekundu kwenye simu.

Niliandika juu ya mlau, kile kilimo cha bondeni kinachoanza mto ukishuka na kuacha tope. Mimi ni Mmatumbi, kwetu ni milimani kule kusini, mlau nimeukuta ukweni. Aliyenieleza ni mama mkwe wangu, Mndengereko wa upande wa Mtunda, mwanamke mkali, mwenye maneno, na mwenye kicheko kinachosikika nyumba ya tatu. Alinieleza jinsi ya kulijua tope lililo tayari: unakanyaga kwa kisigino, unatoa mguu, unatazama. Shimo likijaa maji, rudi nyumbani. Likibaki na unyevu tu, panda. Alinieleza pia kwamba mto ukianza kupanda, kabla ya vyombo na kabla ya nguo, kinachopandishwa kwanza darini ni mbegu. Sura yangu ya nne ilikuwa ni yeye tupu. Ukimtoa yeye, inabaki picha na ramani.

Sasa kwenye marejeo nikamwandika hivi: Mama mkwe, mahojiano, Mtunda, na mwaka. Msimamizi akarudisha na swali jekundu: mama mkwe wa nani? Andika jina lake.

Jamani. Huyu mtu alizaliwa wapi? Mimi tangu nimeolewa sijawahi kulitamka jina la mama mkwe wangu, na sijui mkwe mwenye adabu zake aliyewahi. Binti yangu wa pekee ni somo yake, amepewa jina la bibi yake, na kwa hiyo hata mwanangu wa kumzaa simwiti kwa jina. Namwita Bibi. Bibi njoo ule, Bibi acha utundu, Bibi daftari liko wapi. Wageni hucheka, mimi nimeshazoea. Nilisimama kwenye duka la stesheneri karibu na stendi, kijana wa kompyuta ananingoja nimtajie jina achape, nikamwomba anipishe kwenye kiti. Nikalichapa mwenyewe, herufi moja moja, naona haya kama mtu anayechungulia dirisha la watu.

Nililiandika kama kanuni inavyotaka: la ukoo mbele, mkato, kisha la mtu mwenyewe. Jina la ukoo kwa watu wetu ni jina la baba. Likatangulia la baba yake, la kwake likafuata nyuma limefupishwa kuwa herufi moja na nukta. Nikaona nimemaliza. Haki ya Mungu, nilijipongeza kwa soda.

Lakini chuo kilitaka kila aliyehojiwa asomewe maneno yake na jinsi alivyoandikwa, akubali, ndipo kazi ipokelewe. Jumamosi nikapanda bodaboda na Bibi wangu mdogo, tukaenda Mtunda. Tukamkuta mama mkwe amekaa ukumbini anapeta mpunga. Nikampa shikamoo, akaitika, akatutania kwamba watu wa milimani tumenusa mvua tukaja kujificha kwake. Macho yake siku hizi hayaoni maandishi, na kusoma kwa sauti alimtaka somo yake, si mimi. Mtoto akasoma sura yote, na bibi yake akawa anacheka, anasahihisha, anasema hapo sawa, hapo pia sawa. Ikafika ile orodha ya mwisho.

Mtoto akasoma jina la baba wa bibi yake, mkato, herufi, nukta, mahojiano, Mtunda.

Ungo ukasimama. "Huyo ni nani?"

"Ni wewe, mama," nikasema.

"Mimi? Huyo ni baba yangu."

Nikaanza kueleza kanuni. Nilieleza vizuri, mimi ni mwalimu, kueleza ndiyo kazi yangu. Nikasema ndivyo wanavyoandikwa wasomi wote duniani. Akanikata jicho.

"Baba yangu alikuwa mkata boriti. Maisha yake yote ni mikokoni huko delta, akirudi anauliza wali uko wapi. Tope la mlau hakulikanyaga hata kwa bahati mbaya. Mimi nimesema, wewe umemwandika yeye, na mimi umenifanya herufi!"

"Mama, ni utaratibu tu."

"Basi toa maneno yangu."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Akarudia, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: nitoe maneno yake yote, nimuulize baba yake aliko, anipe yake. Kisha akasonya na kurudi kwenye mpunga. Nilirudi Kibiti nimevimba kwa hasira. Tarehe ya kukabidhi ilikuwa imekaribia, nikichelewa narudia mwaka mzima, na yote haya kwa sababu ya nani aanze na nani afuate. Nikamsimulia mume wangu. Akasema malizaneni wenyewe, huyo ni mama yangu na wewe ni mke wangu, mimi nakwenda msikitini. Mwanamume!

Nikampigia msimamizi, nikiwa na sauti ya mtu aliyekwisha kushindwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akacheka sana, akasema kwamba hata yeye kila anaponukuliwa anatajwa baba yake, na baba yake, Mungu amrehemu, hakupenda kabisa shule. Ila hakuniachia kirahisi. Akasema naweza kutanguliza jina la mtu mwenyewe, mradi niwafanyie hivyo wote niliowahoji, katika orodha na ndani ya kila ukurasa walimotajwa, na nieleze sababu kwenye tanbihi. "Ukimbadilishia mmoja tu, Mwalimu, mimi narudisha tena." Wote! Nilikuwa nimehoji watu mpaka Mahege. Nikamshukuru.

Nikarudi Mtunda peke yangu, na safari hii sikueleza kitu. Nikakaa chini mkekani, nikauliza, "Mama, unataka nikuandikeje?"

Alikuwa anafunga mafungu ya mbegu za kunde kwenye vitambaa, na akamaliza fungu alilokuwa nalo.

"Anza na mimi," akasema. "Kisha mwandike mama."

"Mama yako?"

"Wa nani mwingine? Kisigino kile ni chake. Mbegu darini ni yeye. Mimi nilikuwa namfuata nyuma tu."

Nikamwambia jina la mama yake halimo kwenye kitambulisho chake cha taifa. Akaniuliza kama kitambulisho nacho kinalima. Ndipo akasema, bila kunitazama, kwamba baba yake amezikwa juu, penye nchi kavu, wajukuu wamemjengea saruji na jina wameliandika, kila mwaka kabla ya Ramadhani wanakwenda kufyeka majani. Mama yake walimzika bondeni, karibu na shamba lake, kwa sababu msimu ule njia zote zilikuwa maji. Halafu mto ukahama. Ukala ukingo kidogo kidogo, ukalifikia kaburi, ukaondoka nalo.

"Hana mahali," akasema. "Mimi nikifa, hana tena hata wa kumtaja."

Nililia, sifichi. Yeye hakulia. Akanitajia jina la mama yake, nikaliandika kwenye kiganja kwa kalamu ya kusahihishia madaftari ya watoto.

Niliwabadilisha wote. Nilirudia kila ukurasa, kila mabano, na kijana wa stesheneri akaniuliza kama nimeanza upya chuo. Kwa mama mkwe wangu niliandika jina lake kamili, la kwanza likiwa mbele, kisha "binti wa", kisha jina la mama yake, na kwenye tanbihi nikaeleza kwamba huyo ndiye aliyemfundisha mtoa taarifa, na kwamba ndivyo mtoa taarifa alivyojitambulisha. Msimamizi akarudisha na alama nyekundu moja tu. Nikaifungua. Palitakiwa nukta mwishoni.

Kazi ilipopita nikatoa nakala, nikaifungisha jalada gumu la kijani, nikaenda nayo Mtunda na mwanangu. Mama mkwe hakutaka kusikia sura ya kwanza wala ya pili. Akamwambia somo yake aende nyuma moja kwa moja. Mtoto akapapasa kurasa, akapata mstari, akaanza kusoma, na neno la kwanza lilikuwa jina lake mwenyewe. Akanyanyua kichwa.

"Ni mimi?"

"Ni sisi," bibi yake akasema. "Endelea."

Akaendelea. Akafika kwenye "binti wa", akalisoma lile jina lililofuata, kwa sauti ya shuleni, wazi, bila kujua ni la nani. Ukiacha siku ile ya mkekani, katika nyumba ile sikuwahi kulisikia tangu niolewe.

"Rudia hapo pa mama."

Mtoto akarudia.

"Tena."

Akarudia tena. Mama mkwe wangu akanyoosha mikono, akakichukua kitabu, akakifunga, akakifuta kwa upande wa kanga ingawa hakikuwa na vumbi. Nikadhani atakiweka mezani, penye Kurani na redio. Akaniomba nimletee ngazi. Nikamwambia mama, usipande, nipe nikuwekee mimi. Hakunisikiliza. Akapanda taratibu huku nimemshikia miguu, akasogeza mafungu ya mbegu za kunde darini, akakiweka katikati yake.

"Hapa maji hayafiki," akasema, na akaanza kushuka.