Chafya ya Shemeji

Kinyozi alifungwa kitambaa machoni na bintiye, kama askari walivyomfunga miaka ile walipomkamata pamoja na shemeji yake. Wakubwa wa serikali walishikilia kwamba jengo walimowekwa lilikuwa ghala tu na hamkuwahi kufungiwa mtu. Lakini shemeji yake hakutoka humo, na mke wa kinyozi bado aliuliza kaka yake alifia wapi.

"Baba, nimetengeneza chumba ndani ya kompyuta, naweza kukibadilisha ukubwa," alisema bintiye, mchora ramani za majengo. "Nitacheza sauti ya chafya. Ikilia kama kule, niambie."

Chafya ya kwanza ililia kavu.

"Siyo. Ya shemeji mle chumbani ilikuwa inazunguka! Namwambia, 'We shemeji, utatubomolea ukuta.' Ananijibu, 'Si ndiyo tutoke, mjinga wewe!' Basi tunacheka mpaka mbavu zinauma."

Binti akapandisha dari kwenye kompyuta. Chafya ikaenda, ikachelewa, ikarudi nene.

Kinyozi akashtuka. "Hapo! Hapo hapo!"

"Kwenye ramani ya jengo lile, dari ya juu hivi iko katika chumba kimoja tu, cha nyuma. Sasa tunajua pa kuanzia kuchunguza."

"Nitamwambia mama watoto," alisema kinyozi kwa sauti ndogo. "Ila icheze tena kwanza, mwanangu. Niache nikae na shemeji kidogo."