Pamba ya Chambo

Leo tumelitoa godoro la nyanya yetu, tuliyemwita kukhu, tukalianika juani. Harufu ya pamba kuukuu iliyoshiba moshi wa kuni imenirudisha jikoni kwake.

Nilikuwa nimetoka Mto Kuywa nikilia. Kaka zangu walivua kwa minyoo. Mimi niliogopa kuishika, kwa hivyo nilitumia ugali, na samaki waliulamba wakaenda zao.

"Wacha kulia, mama," kukhu alisema. "Si ulete hiyo ndoano nione."

Aliikwaruza ncha yake juu ya ukucha wa kidole gumba. Ilipoteleza bila kukwama, aliguna, akainoa kwenye jiwe la visu. Kisha akaingia chumbani, akarudi na pamba kidogo, akaichambua iwe nyuzinyuzi na kuikanda pamoja na kipande cha ugali mpaka vikashikana.

"Sasa wacha walambe. Hii ugali haiachi ndoano."

Jioni nilimletea samaki wangu wa kwanza, mrefu kama mkono wangu. Alimnusa, akacheka mpaka akafuta macho kwa leso.

Tangu hapo, kila nilipoenda mtoni nilipitia kwake, naye aliingia chumbani akatoka na pamba. Sikuuliza aliitoa wapi.

Sasa ninalibonyeza godoro. Upande wa nje, alikolala yeye, ni kitambaa juu ya kitambaa, na tundu lililoshonwa kwa uzi mweusi. Upande wa ukutani, nilikolala mimi kila nilipolala kwake, pamba bado imejaa.