Iko wa Nani?

Mume wangu alikuwa na ng'ombe wengi, na mwenye ng'ombe wengi huku kwetu milimani Rurambo, miaka ile ya hamsini, hakuona kwa nini bega lake lichubuke kwa ajili ya mgonjwa wa jirani. Kila mlima ulikuwa na kikundi cha ngobi, kitanda cha kusukwa chenye miti miwili ya kubebea. Kikundi hicho hakikuwa cha serikali wala cha misioni, na hakuna aliyelipwa. Kila nyumba ilitoa mwanamume mmoja. Mgonjwa akizidiwa walimteremsha kuelekea dispanseri ya Uvira, na njiani watu wa bondeni wakawapokea. Walipomwita mume wangu, alitia pamba masikioni. Nilimwambia kidole kimoja hakivunji chawa. Akanijibu kwamba yeye hana chawa.

Kisha uchungu wa mtoto wetu wa kwanza ukanishika siku mbili, mtoto hatoki. Asubuhi ya tatu mkunga alimwambia mume wangu wazi kwamba akiendelea kungoja atazika wawili. Akakimbia kwa mkubwa wa kikundi na kumwahidi dume la ng'ombe. Mzee alikataa. Alisema wakila dume leo, kesho atabebwa mwenye dume peke yake. Lakini mimi sikuwa na kosa, akasema, kwa hiyo nitabebwa, ila mume wangu ashike mti wa mbele.

Akaushika. Niliona mgongo wake ukilowa jasho na, kusema kweli, nilifurahi hata katikati ya maumivu.

Kwenye kijito watu wa bondeni walikuwa wakitungoja. Hapo palikuwa na desturi: wanaopokea huuliza mgonjwa ni wa nani, na aliye mbele hujibu, "Iko wetu." Mgonjwa wa "wetu" alipokelewa na kila kikundi mpaka Uvira. Wa "wangu" alikuwa na mwenyewe, basi mwenyewe amfikishe. Mume wangu hakuwahi kubeba hata siku moja, atajuaje? Walipouliza, alijibu upesi, kama mtu anayeulizwa juu ya ng'ombe wake.

"Iko wangu."

Mikono iliyokuwa imenyooshwa ikashuka. Wabebaji wetu walisimama ndani ya maji, na ngobi ikayumba. Mzee akamnong'oneza neno linalotakiwa, nililisikia vizuri. Mume wangu akanyamaza. Aliwatazama wale watu wa bondeni, wakulima wa pamba, ambao kila siku aliwacheka kwamba hawana hata ndama. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani mwangu.

"Sema ile neno, weye," nikamwambia. "Minye niko nakufa."

Bado alinyamaza. Mtoto akajipinda tumboni, nikauma kitambaa changu. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo, "Iko wetu." Mabega mapya yaliingia chini ya miti kabla hajafunga mdomo.

Mwanangu alizaliwa dispanserini mchana ule ule, mzima, Mungu ashukuriwe. Baada ya hapo mume wangu alibeba ngobi miaka mingi, hata wakamfanya mkubwa wa kikundi, na watu walimsifu mbele yangu. Nilikuwa natabasamu pamoja nao. Lile "wangu" nilimsamehe zamani, maana hakujua. Kule kunyamaza, alipokwisha kujua, sijamsamehe mpaka leo.