Vibakuli Mia na Sabini na Moja na Nusu

Binti yangu anaolewa, na wiki iliyopita alinisogezea sahani yake kwa kidole kimoja akasema, "Mama, nimalizie." Nusu ya ugali, kipande cha nyama, maharagwe hayajaguswa. Anataka kupunguza kilo nane kabla ya harusi, kwa sababu gauni alilochagua hapa Arua lina zipu isiyojua mzaha. Nilikuwa nimekwisha kula. Nilikuwa nimeshiba. Bado mkono wangu ulikwenda wenyewe, kama mkono wa mtu mwingine. Nilipofika tonge la tatu nikasimama, maana nilisikia kitu cha fedha kikiteremka juu ya mfupa, na nyumbani kwangu hakuna mtu anayevaa fedha.

Wewe unanijua, mimi ni mtu wa soko. Nakuambia nyanya ngapi zimeoza ndani ya tenga kabla halijafunguliwa, na nikipimiwa mchele naupima tena kwangu. Lakini mwaka jana muuguzi wa zahanati aliponipandisha kwenye mizani akaniuliza, "Mama, unakula saa ngapi?" nilikosa hesabu. Nikamwambia ukweli: nakula chakula kikibaki. Akaandika. Akauliza kama natafuna polepole. Nikamjibu kwamba kibakuli cha uji wa moto nakimaliza ndani ya rakaa tatu. Akacheka, akadhani natania.

Nilijifunza kula hivyo Koboko, katikati ya miaka ya sabini, nikiwa na miaka tisa, nyumbani kwa bibi mzaa baba. Sisi ni Wanubi, na kama umewahi kuingia ua wa Kinubi unajua unanuka nini: kahawa yenye tangawizi, udi, na ule moshi wa miti wanaojifukiza wanawake mpaka ngozi inang'aa kama shaba. Wanawake walikaa mkekani wakisuka kawa za rangi za kufunikia chakula, na sisi watoto tulitumwa. Maji asubuhi, kuni mchana, na kila baada ya siku chache kwa miguu hadi Kuluba kuchukua muhogo wa shamba la bibi, kwenda na kurudi, mzigo kichwani. Jioni tulikula watoto sita sinia moja, na aliyekuwa mpole alilamba vidole vitupu. Kwa hiyo tulikuwa wembamba wote bila kukusudia. Hakuna aliyetushauri tutembee.

Wakati ule unene ulikuwa habari njema. Wake za askari walikuja kutoka kusini wakiwa na mashavu yanayong'aa, na watu walisema "Mashallah" kabla hata ya salamu. Mtu akinenepa, ilieleweka kwamba kwao kuna anayevaa sare. Akikonda, ilieleweka pia, ila hakuna aliyeuliza kwa sauti. Wapo wanaume waliotoka asubuhi kwenda kazini na jioni chakula chao kikabaki chini ya kawa hadi kikaharibika. Tulifundishwa kutokitazama.

Katika hali hiyo akaja mkubwa mmoja wa jeshi kumposa shangazi, mdogo wake baba. Baba alijibu ndiyo kabla swali halijaisha. Shangazi alikuwa akisomea uuguzi, amebakiza mihula miwili, amekuja likizo na sanduku dogo na daftari lenye picha za mifupa. Hakurudi. Alisema mara moja tu, mbele ya wote, kwamba angependa kumaliza masomo kwanza, na baba akamwambia ashushe sauti, kwa sababu barabara ilikuwa karibu.

Ila palikuwa na upenyo, na shangazi aliuona. Mkubwa alikuwa na likizo moja tu, wiki kumi mbele. Akiikosa hiyo, harusi ingesogea mwaka mzima, na siku zile, ndani ya mwaka mmoja, mkubwa wa jeshi aliweza kuhamishwa, kusahau, au kutokuwepo.

Na kilichoweza kuisogeza harusi kilikuwa kikuku. Bibi alikuwa na kikuku cha fedha kizito, alichovaa mama yake na yeye mwenyewe. Bibi harusi wa nyumba yetu alifungiwa chumbani, akafukizwa, akasingwa, akanyweshwa uji mara tano kwa siku: uji wa mtama, simsim iliyosagwa, asali, na samli juu yake kama kioo. Kila Ijumaa kikuku kilipandishwa juu ya kiwiko, naye akaambiwa ashushe mkono. Kikibaki palepale, yuko tayari. Kikiteremka, bado. Bibi alikuwa amekula kiapo kwamba hakuna binti atakayetoka mlangoni kwake kikuku kinacheza. Kumtoa hivyo ni kuwatangazia watu kwamba kwetu kuna njaa.

Bibi harusi haachwi peke yake, kwa hiyo nikatolewa shule nikakae naye. Siku ya pili, bibi aliweka kibakuli cha adhuhuri akaenda kuswali chumba cha pili. Shangazi akanitazama.

"Weye iko na njaa?"

Swali gani hilo kumuuliza mtoto wa sinia la watu sita. Nilikunywa chote. Bibi aliporudi, shangazi alikuwa anafuta midomo yake mikavu.

Kile cha kwanza nilikunywa kwa njaa. Cha pili nilikifanyia biashara. Nilimwambia kibakuli kimoja, mstari mmoja wa nywele, anisuke.

"Kunywa uji ya asali weye nataka kulipwa?" akaniuliza. "Koboko yote hakuna mwizi kama weye."

"Basi kunywa mwenyewe."

Akacheka kwa pua, akanikalisha kati ya magoti yake. Kichwa changu kilichukua mistari tisa. Ikitimia tisa, nilimwambia inaniuma, afumue, tuanze upya.

Muda tuliupima kwa swala ya bibi. Adhuhuri, alasiri na isha ni rakaa nne, na bibi hakuwa mtu wa haraka. Kibakuli kilitosha na nafasi ya kucheua ikabaki. Magharibi ni tatu, tuligawana nusu kwa nusu. Alfajiri ni mbili tu, uji unafuka moshi, hata mimi sikuweza, kwa hiyo kile alikunywa shangazi. Wiki saba. Nimepiga hesabu mara mbili: vibakuli mia na sabini na moja na nusu. Nilimeza bila kutafuna na bila kuonja, nikisikiliza tu ukutani bibi anapotoa salamu. Baada ya wiki ya tatu njaa ilikuwa imekwisha, lakini koo lilikuwa limezoea. Ikiadhiniwa, mate yalinijaa. Mpaka leo yananijaa, nami ni mtu mzima mwenye binti wa kuozesha.

Kila Ijumaa wanawake walijaa chumbani. Bibi alipandisha kikuku, shangazi alishusha mkono, na kikuku kikateremka hadi kwenye kifundo cha mkono kwa sauti ile niliyokuambia. Bibi alichoma ubani dhidi ya jicho baya, akaongeza samli. Shangazi aliinamisha uso, na mimi niliyekaa karibu niliona anavyobana midomo isicheke. Baada ya wao kuondoka alifungua daftari, akanishika mkono, akanionyesha mfupa wa juu, mifupa miwili ya chini, akanifundisha kuisoma kwa herufi. "Mimi narudi shule," alininong'oneza. "Hesabu weye. Ijumaa iko tatu tu."

Nilihesabu. Zilikuwa tatu kweli.

Jirani yetu, mama mmoja Mkakwa aliyetuletea maziwa, ndiye aliyeona. Alisimama na kibuyu chake, akanitazama kuanzia mashavuni hadi kwenye mshono wa gauni uliokuwa umeachana ubavuni, akamwambia bibi, "Mama, ule ya ndani nakonda. Lakini hii ya nje inapasuka."

Bibi alipokea maziwa. Mchana wake akanikaangia gurusa, ile mikate ya maji laini, akazimwagia asali, akaniita jikoni. Gurusa zilikuwa udhaifu wangu, na nyumba nzima ilijua. Zilikuwa nne. Nilikula mbili, ya tatu ikanishinda.

"Gurusa iko na nini?" akauliza bibi.

"Iko sawa, Haboba," nikamjibu, maana ndivyo sisi tunavyomwita bibi.

"Mbona nabaki?"

"Nimeshiba."

"Weye?" Akavuta kigoda, akakaa, tukatazamana usawa. "Weye kushiba? Tangu lini?"

Nilingoja kofi. Halikuja. Bibi alikuwa mfanyabiashara kabla yangu. Akasema, kana kwamba anaongea na sufuria, "Fundi wa nguo nakuja kesho. Mimi iko na kitambaa ya kijani, ile ya kumetameta, kwa mtoto mmoja wa kutembea mbele ya bibi harusi. Lakini kama harusi hakuna, kitambaa ya nini?"

"Na viatu?" nikauliza.

"Na viatu."

"Apa, Haboba."

"Wallahi."

"Apa tena."

Akaapa mara ya pili. Nikamweleza yote, hadi idadi ya rakaa.

Chumba cha shangazi kilitengwa na jiko kwa pazia tu. Nilipoingia alikuwa ameketi palepale, daftari limefungwa. Sikujua nisimame wapi. Alinidai nini? Hakunidai kitu. Mimi ndiye nilikuwa namdai mistari miwili, ya adhuhuri na ya alasiri ya siku iliyopita. Akanionyesha kwa kidole nafasi kati ya magoti yake, akanisuka yote miwili, taratibu, akabana ncha. "Usitikise kichwa," alisema. Ndilo neno la mwisho aliloniambia.

Kuanzia siku hiyo bibi aliswali mlemle chumbani, na kabla ya kuswali alimnywesha kwa mkono wake hadi kibakuli kikaonyesha tako. Shangazi hakupigana. Alimeza kama mimi nilivyokuwa nameza. Wiki ya tatu kikuku kilibaki juu ya kiwiko, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikavaa kijani. Mkubwa alikuja na gari mbili. Shangazi alipanda bila kugeuka.

Zilikuja barua mbili kutoka kambini kusini. Ya pili ilisema amenenepa mpaka fundi amekata kikuku kwa koleo, kilikuwa kinazuia damu. Bibi aliipeleka barua ile nyumba hadi nyumba isomwe. Baadaye tukasikia kwamba wengi waliokuwa wakiandika barua kutoka kambi ile wameacha kuandika.

Mwaka wa sabini na tisa serikali ilipoanguka, barabara ya Koboko ilijaa watu kwa siku nyingi. Malori, kisha baiskeli, kisha miguu tu, magodoro vichwani. Majirani walikuwa wamekwisha vuka kwenda Sudani. Baba alitaka tuondoke. Bibi akakataa, akaweka sufuria ya uji kando ya barabara, akawa anampa kila mwanamke aliyetoka kusini na kumwuliza jina la kambi. Wengine walitikisa kichwa wakinywa. Mmoja alisema alimwona. Mwingine alisema yule wa kwanza ni mwongo. Siku tano bibi aliuliza. Siku ya sita tukasikia milio ya bunduki upande wa Arua, baba akambeba bibi mgongoni, bibi akiwa bado ameshika mwiko.

Ng'ambo, chini ya turubai, bibi aliyekuwa akijaza mlango aliisha mwili kidogo kidogo. Uji wa msaada tulipewa kwa kadi. Aliupokea, akauweka chini, akaninyooshea mimi. "Kunywa, weye unaweza." Sikujua kama ni huruma au hukumu, na sikuthubutu kuuliza. Nilikunywa. Alikufa kabla ya mvua za mwaka uliofuata.

Mle kambini walikuja wauguzi kupima watoto wadogo kwa utepe mkononi, nami nilimpeleka mdogo wangu kwenye mstari. Mbele kabisa alikuwa dada mmoja mwembamba, gauni jeupe, ametupa mgongo. Alivyoinamisha shingo, alivyoushika mkono wa mtoto juu ya kiwiko, kwa vidole vitatu, kama shangazi. Nilitoka mstarini nikakimbia, nikawapita watu, wakanitukana. Akageuka. Alikuwa mtu wa kwao huko, wala hatukusikilizana lugha. Alinisogeza pembeni kwa upole, akamwita anayefuata. Nilibaki pale nikimtazama akifanya kazi hadi jua likapinda. Alikuwa mwepesi, alijua anachofanya, na kina mama walimtii.

Koboko tulirudi miaka mingi baadaye. Ua umekuwa duka la saruji. Wanawake wa Ijumaa wamekwisha wote, na wasichana wao wanashindana kukonda. Moshi ule wanauuza sasa kwenye vichupa. Makaburi ya kwetu nimeyatembelea, yako saba, nimeyahesabu mara mbili, na la shangazi halimo wala sijui liko wilaya gani, kama lipo. Aliyemjua uso kwa uso nimebaki mimi peke yangu. Ukitaka kujua alikuwa mtu wa namna gani, itabidi uniulize mimi, na mimi ndiye niliyemuuza.